Zizi la Wapotevu, Siyu

Halina mlango. Mchwa waliumaliza,
bawaba zikabaki zimekodoa ukutani
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Humu Shekuwe alifungia punda waliozurura usiku,
mbuzi waliokula mtama wa watu,
na mara moja, wasema, ng'ombe wa mudiri mwenyewe:
akamtoza thumuni bila kumtazama usoni.
Hakujua kuandika.
Kila siku ya mnyama, mstari mmoja wa kaa kwenye chokaa;
ukilipa, anaukata.

Punda wa nana Mwanatumu aliitwa Haambiliki.
Alikamatwa akitafuna jamvi la msikiti.
Siku tisa. Nana alilipa nane,
kwa mayai, kwa makumbi, kwa maneno matamu;
ya tisa akasema, "Nitaleta kesho,"
akaondoka na punda wake,
na kesho ile mpaka leo haijacha.

Nimeikuta hesabu yake chini ya kidaka.
Mistari minane imekatwa,
wa tisa mzima.

Natoa shilingi ishirini, naichomeka ufani.
Sina kaa. Nainua ukucha nikate,
nasita.
Nikiukata, nini cha nana kitabaki duniani
kilichochorwa na mkono wa mtu mwingine?

Nyuma yangu ameingia punda,
mdogo, ana kovu la kamba shingoni.
Amefuata kivuli, amesimama.
Hakuna aliyemkamata.

Namwambia atoke.
Haambiliki.