Kasiki la Kufukiwa

Shangazi Lamzira hukanyaga udongo peku,
soksi kazitia mfukoni mwa aproni,
na akisikia changarawe chini ya kisigino husimama
kama aliyeitwa kwa jina.
Nainama. Nachokonoa kijiwe, punje tu, kama mtama.
Kikiachwa kitalipasua kasiki jokoni,
au kitangoja, kwa ubaya wake, mpaka vuli,
divai ya harusi ya watu inywewe na ardhi.

Udongo, husemwa, upate uli maji.
Hapa Imereti hiyo ni nusu ya habari.
Kasiki hupanda kiganja kimoja, likaachwa;
keshokutwa kiganja kingine.
Ukiharakisha, pete ya juu huikalia ya chini
na asubuhi unakuta kitu kimechuchumaa sakafuni
kama mlevi aliyeshindwa kufika mlangoni.
Gurudumu ni sisi: kasiki husimama, mtu huzunguka.

Barua ilikuja Machi, na muhuri wa ng'ambo:
nafasi moja, miezi sita, chumba, posho,
joko la umeme linalotii kitufe.
Fomu inauliza: Kazi zako zimeonyeshwa wapi?
Nikaandika: Chini ya ardhi.
Nikafuta.
Nikaandika tena, kwa wino.
Maana ndiko ziliko: chini ya ghala la Gocha, daktari wa ng'ombe,
chini ya ua wa mjane Tsiala
aliyelipa mbuzi mmoja na salio la ahadi.
Mdomo tu ndio uko hewani.
Tumbo lilivyotoka laini
wajua minyoo, na mimi.

Aprili mjomba Anzor akapigwa na kiharusi.
Ilipofika Juni tulikuwa na makasiki matatu
na joko la kumeza sita.
Joko nusu tupu ni kuni za kuchomea hewa.
Akina Kapanadze hawakuwa wametusalimu miaka kumi na mmoja,
kisa shimo la udongo na mpaka wake.
Walikuja na trekta. Hawakusema pole.
Walishusha makasiki yao matatu, kuni za mwaloni,
na karatasi ya zamu iliyopigwa mistari kwa rula.
Badri, kitindamimba wao, alipangiwa saa nane za usiku
pamoja nami.
Usiku saba. Tuliongea maneno mawili:
"Ongeza."
"Bado."

Siku ya nane tulibomoa matofali ya mlango
na mzee Kapanadze akayagonga makasiki kwa kifundo cha kidole,
yao kwanza, kisha yetu,
akisikiliza kila moja mpaka mlio uishe.
La tatu letu lilijibu kwa sauti ya bati.
Hakulitaja. Alimtuma mtu akalete nta zaidi.

Wa kupaka nta ndani awe mwembamba,
kwa hiyo mimi. Joto lilikuwa bado ukutani,
giza la duara, harufu ya mizinga,
na sauti ya shangazi ikishuka kutoka mdomoni:
"Umeiposti?"
"Nini?"
"Usinifanye mjinga."

Jana Badri alipita akisukuma baiskeli,
akazungumza na mbwa wetu, si mimi.
Alimwambia mbwa kwamba joko la Oktoba lina karatasi mpya,
kwamba saa nane za Alhamisi, zile za mtu fulani,
keshajiandika yeye,
kwamba miezi sita si miaka.
Mbwa akalala.
Mimi nilikuwa na udongo hadi viwikoni
na pete iliyongoja kufungwa.
Nikaifunga kwanza.