Ukurasa wa Kumi na Mbili

Kitabu cha Somoe kimeipa Lamu mistari mitatu
na picha ya mlango. Tukaimaliza chai haijapoa.
Basi nikamshika mkono, tukashuka kisimani, nyuma ya jiko,
pale chokaa ilipobanduka mvua za mwaka juzi.

"Gusa. Hili ni tumbawe.
Lilikuwa hai chini ya maji. Likakatwa, likawa nyumba."
Akalinusa. Akalilamba, sikuwahi kumzuia.
"Halina chumvi," akasema, kama aliyedhulumiwa.

Kisha, na ana miaka sita tu:
"Nani alotukua mawe?"

Kitabu kinasema wafanyabiashara walijenga mji.
Mamangu alikuwa akisema wazee wetu.
Nami naijua ngazi ya nyuma, ile nyembamba,
na waliokuwa wakiipanda ili wasipite sebuleni.
Majina yao hatukuyarithi. Tulirithi kuta.

Nikamvutia kigoda. "Kaa.
Leo hesabu tutaiacha."

Nilipomaliza hakuuliza kitu.
Akafungua ule ukurasa, pambizoni akachora watu,
wembamba, wengi, hadi wakaingia juu ya mlango,
kila mmoja na jiwe kichwani,
na kando ya kila mmoja kijistari kitupu.

"Cha jina," akasema, akachonga penseli.