Maji Gani

Kyela, chumba cha nyuma cha duka la simenti.
Mvua inapiga bati, umeme unakonyeza,
nami nina programu tatu kwenye kompyuta moja,
zote zinadai kuijua boti ya fundi Ambakisye
kabla hajapigilia ubao wa kwanza.

Ya kwanza ni ya kulipia. Siku thelathini za kuonja,
boti inazungushwa kama bibi harusi.
Ya pili ya bure, inakohoa nikifungua faili.
Ya tatu kaniachia Lusajo kwenye flashi,
haina sura: namba tupu, kama daftari la madeni.

Sikuzipa boti. Nilizipa sanduku:
urefu mita mbili, upana moja,
lizame nusu mita.
Jibu ninalo tangu kidato cha pili. Tani kamili.

Ya kulipia ikajibu tani, na kilo ishirini na tano juu.
Nikarudia. Ishirini na tano.
Mfuko mzima wa mchele ambao hakuna aliyeupakia.

Nikacheka peke yangu. Haikukosea hesabu;
ilidhani maji yote duniani yana chumvi.
Nyasa tunaichota, tunaipikia, tunaogeshea watoto.
Ya bure nayo ikajibu vilevile, bila haya.

Ile ya Lusajo, kabla ya kugusa namba,
iliandika mstari mmoja, ikasubiri:
*Maji gani?*

Fundi amepiga simu, anauliza kama tayari.
Nimemwambia anoe randa,
asikate bado.