Kiti cha Tatu

Biro ya daktari ina viti viwili.
Kimoja chake, kimoja cha fishi za wagonjwa.
Zihindula amesimama mlangoni, matope ya Funu
yamemkaukia hadi magotini, kofia mkononi
kana kwamba amekuja kuomba mkopo.

Nikavuka barabara, nikaazima kiti kwa muuza mkaa.
Ndiyo kazi yangu, wakiniuliza: nabeba viti.

Daktari Lwaboshi anasoma, hamtazami.
"Siku tatu hakuja. Dawa haimezwi kwa kurukaruka.
Wako wengine wanangoja nafasi."
Na kweli wako. Nimewapita nje kwenye benchi:
kijana wa soko la Kadutu anajikuna shingo,
mama mmoja amejifunika kitenge hadi machoni
wasimjue watu wa kwaya yake.

Kwenye fishi wameandika neno moja: mkaidi.
Nalijua neno hilo. Mimi pia niliandikiwa,
mwaka ule kanyanga iliponinywa,
na hakuna aliyeazima kiti.

Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu usiku
kama matofali: haki ya mgonjwa, kanuni ya kituo,
karatasi yenye mhuri. Nikafungua mdomo.
Zihindula akanigusa mkono wa blauzi.
"Nsimire, acha. Niseme."

Akasema polepole, akitafuta:
"Jumanne mvua ilibeba nyumba ya jirani.
Tulichimba kwa majembe, kwa masufuria.
Jumatano tukampata mtoto. Alhamisi tukamzika.
Usiku kucha pale kwenye kilio chupa ilizunguka,
ikinifikia mkononi, nami naipitisha.
Naipitisha, daktari. Mara saba. Nilihesabu.
Hilo halina mahali kwenye karatasi yenu?"

Feni ilikuwa imesimama, umeme umekwenda.
Nje mtu alibishana bei ya mkaa.
Sikusema kitu. Kunyamaza nako kuna uzito,
kama kushikilia ngazi
mwenzako akipanda.

Daktari akatafuta biki. Ikakataa kuandika.
Nikampa yangu.
Akalikata lile neno, si sana,
bado linasomeka chini ya mstari,
akaandika pembeni kwa herufi ndogo: alikuwa kwenye kilio.
Kisha: arudi kesho, saa mbili.

Sijui kama kesho atarudi.
Njia ya Funu bado imekatika, na chupa zina miguu.
Tukishuka aliniomba franka mia tano za mihogo,
nikampa, tukacheka kidogo, sijui kwa nini.

Nikarudisha kiti. Muuza mkaa
akapangusa matope kwa kiganja, akaniuliza:
"Huyo mtu wako, alikaa?"

Alikaa, nikamwambia.
Alikaa, akasema.