Kusoma Igombe

Tulifika saa nne, jua limeshapanda,
watu saba ndani ya bajaji mbili,
sufuria la wali limefungwa kanga
na kiti kimoja cha plastiki, cha mama,
kimekazwa juu kwa mpira wa baiskeli.

Mama yangu, Nyanzala wa Isevya,
aliyesoma mita za maji miaka ishirini na saba,
hakuwahi kuliona bwawa.
Alilijua kwa tarakimu:
uniti sita kwa Mhoja, fundi cherehani,
uniti arobaini gesti ya kona,
sifuri kwa Luhende, sifuri, sifuri,
mpaka alipogundua Luhende kaifunga mita kinyumenyume.

Akasimama juu ya tuta, mkoba kwapani,
akayatazama maji kama anayetafuta namba ya akaunti.
"Kumbe ndiyo haya."
Akanyamaza.
"Nilidhani yana ukuta pande zote."

Hayana ukuta. Yana matete,
yana miti iliyozama kabla sijazaliwa
na bado inanyoosha vidole vikavu,
kila kidole na mnandi wake,
mbawa wazi, kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Ni Julai. Maji yamerudi nyuma
yakaacha mistari ukingoni,
ile ya chai ndani ya kikombe kisichooshwa.

Watoto walishavua mashati.
"Maji ya kunywa hayo!"
Mkono juu, sauti ileile aliyokatia watu huduma.
"Mtu haogi ndani ya mtungi wa jirani."
Nikamwambia, mama, siku hizi tunakunywa Ziwa Viktoria,
bomba limepiga hodi mpaka jikoni kwako,
hili limestaafu kama wewe.
Akanikata jicho.
"Kwa hiyo mtu akistaafu ndiyo aogelewe?"

Tukala. Wali, maharage, matobolwa ya shangazi
yanayohitaji meno na subira,
asali ya Sikonge kwenye chupa ya soda.
Upepo ukatia mchanga kila kitu.
Upande wa pili vijana wa chuo
walipiga picha moja mara thelathini,
na mvuvi akawapita katikati
bila kugeuza shingo.

Kashindye, mwenye mtumbwi, alitaka elfu mbili kwa kichwa.
Mama akamshusha hadi buku,
kisha akapanda na kiti chake.
Ndiyo, kiti. Ubao, alisema, una unyevu.
Tukaondoka hivyo, sisi tumechuchumaa,
yeye katikati yetu ameketi wima
kama mgeni rasmi,
na Kashindye anacheka kimya kwa mabega.

Karibu na mnara wa kuchotea maji
kuna kibao cheupe, nusu kimezama,
kina mistari na namba.
Mimi nilikiona. Sikukisoma.
"Sogeza," mama akasema.
Kashindye akasogeza.
"Sogeza tena, kijana, naona vivuli tu."
Akavaa miwani. Akainama
mpaka kiti kikalia, na sote tukashika kingo.

"Nne nukta sita mbili."

Akatoa kalamu mkobani. Karatasi hakuna,
akaandika kiganjani,
akapuliza wino ukauke.
Kabula, mjukuu, akauliza ya nani hiyo, bibi.
"Si ya mtu," akasema,
na kwa muda mrefu hakukifumba kile kiganja.

Kurudi, akaruhusu miguu.
Miguu tu, mpaka magotini, bila sabuni.
Baadaye nikamkuta mwenyewe ukingoni,
viatu mkononi, gauni kakunja,
anasimama pale maji yanapoanza
na kusonga hatua moja, moja,
kama mtu anayehakiki.

Usiku, Tabora, taa za Isevya zinawaka nusu,
simu ikalia. Kashindye.
Kiti chenu mmekisahau huku.
Nikamwuliza mama nimjibu nini.
Alikuwa jikoni, anakinga maji kwenye ndoo,
mkono mmoja ananawa, mwingine kauficha nyuma.
"Mwambie asikilete."