Mfagia Njia

Kazi yangu ni kuwa wa mwisho.
Sishindani na mtu. Nina mfuko mgongoni,
na kisu kidogo nisichoruhusiwa kukitumia
(tepe hizi tutazifunga tena mwakani, kasema Dona Graciete,
fungua, usikate),
na mbele yangu, hatua hamsini hivi,
mgongo wa Zulmira Falcato,
mwoka mikate wa Odeceixe, miaka hamsini na tisa.

Tangu saa moja asubuhi nautazama mgongo huo.
Naujua kuliko ninavyoujua uso wake:
bega la kulia limeinama kidogo, bega la sepetu ya tanuri,
na jasho limechora kwenye fulana
ramani ya nchi isiyo na mji.

Juni ndiyo kwanza imeingia
na jua halina haya za mgeni,
halikubisha hodi, limejikalia kichwani.
Mchanga wa njia hii ni mdaiwa sugu:
uupe hatua mbili, utakurudishia moja.
Aliyesema mwenda pole hajikwai
hakupita huku.

Kulia, chini kabisa, Atlantiki inajibwaga.
Korongo wamejenga juu ya nguzo za mawe
katikati ya povu, pasipofika paka wala mpangishaji.
Makinda yananyoosha shingo kututazama:
wanakimbia nini hawa,
na mbona hakuna anayewafukuza?

Nafungua.
Kila mita mia na ushei, utepe mwekundu
nilioufunga jana mimi na mpwa wangu Telmo.
Nyuma yangu njia inarudi kuwa njia tu,
ya mbuzi,
ya mtu na mpenziwe waliogombana garini.

Kilomita ya ishirini na nane hatua hamsini zimekuwa kumi.
Nasikia pumzi yake, kavu, kama ufagio juu ya saruji.
Mkononi mwangu imeandikwa kwa kalamu:
kituo cha thelathini na moja, saa saba na nusu.
Mfagia njia akifika, kituo kimefungwa.
Aliye nyuma yake avuliwe nambari.

Hageuki.
Hasemi usinipite.
Anafunga ngumi, anafungua, anafunga,
kama anayeukanda unga ambao hauumuki.

Ndipo nikaufikia utepe wa Telmo.
Ana miaka tisa, amejifunza fundo jipya,
akalifunga kwenye mreteni kwa fahari yote ya Jumamosi.
Ningelifungua kwa kupepesa jicho.
Nikapiga goti.
Nikalisoma fundo lile kama barua ya benki,
neno kwa neno, na yale maandishi madogo ya chini.
Sisimizi wakapita na mzigo wao, wakarudi bila mzigo.
Vichaka vya esteva vilikuwa vinatokwa utomvu,
harufu ya ubani uliosahauliwa juani.
Saa saba na nusu ilikuja, ikasimama kidogo,
ikaenda zake.

Nilipoinua kichwa, mgongo haukuwepo.

Kituoni vijana wawili walikuwa wanaosha ndoo.
Amepita?
Amepita. Amekula machungwa matatu,
na ameuliza kama umeumia.

Odeceixe, tao la kumalizia lilikuwa limeshatolewa upepo,
limelala barabarani kama ng'ombe aliyekataa kuendelea.
Zulmira alikuwa ameketi mtoni, viatu vyake miguuni,
medali ikielea juu ya maji.
Akageuka. Uso mpana, mwekundu, unga mweupe kwenye nyusi:
chumvi, kumbe.
"Mkono wako mzito kwa mafundo," akasema.
"Mzito sana," nikasema.
Akanisogezea nusu ya mkate uliolowa.

Jioni Dona Graciete alizihesabu tepe mezani,
akazihesabu tena, miwani puani.
"Mia tatu arobaini zilitoka. Mmoja uko wapi?"
"Korongo," nikamwambia.
Alichungulia dirishani, kwenye anga lisilo na ndege hata mmoja,
akalamba ncha ya kalamu,
akaandika: korongo.