Mafundo Kumi na Tisa

Mwalimu Kabugho ameandika kwa kalamu nyekundu
chini ya ukurasa, pale mwanangu
alipochora samaki mwenye miguu:
"Mzazi, msaidie mtoto apime vitu vitano vya nyumbani.
Asitumie rula."

Vizuri, maana rula hatuna.
Iliyokuwapo, Kule aliivunja akifungulia soda.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Kilembe,
vidole vyangu vinajua spoki, nati na gundi ya viraka;
penseli huniteleza kama kambale.
Hata hivyo jioni hii nimefunga kibanda mapema,
nimekata kamba ya katani, nikaipiga mafundo,
fundo moja kila upana wa kiganja cha Biira,
kiganja chake, si changu, alisisitiza,
"kwa sababu kazi ni yangu."

Tukaanza na dumu la maji: saba na nusu.
Mguu wa meza: kumi na moja. Akarudia, kumi na tatu.
Akaniangalia kana kwamba meza ndiyo mwongo.
Tukapatana kumi na mbili.
Mbuzi alikataa katakata kupimwa.
Tukamvizia kwa maganda ya ndizi:
kifuani hadi mkiani mafundo kumi na matatu,
au kumi na manne akijinyoosha.
"Niandike ipi, baba?"
Andika zote mbili, nikasema, mbuzi si ukuta.
Mama yake akauliza toka jikoni, sauti imejaa moshi,
"Mnampima mbuzi, mmepata mteja?"

Kandambili yangu: nne na kidogo.
Na kidogo huandikwaje?
Akaandika hivyo hivyo, kidogo.

Cha tano hakuniuliza.
Alikwenda nyuma ya mlango,
penye ule mstari wa kahawia
ambao kila Krismasi naahidi kuupaka chokaa
na kila Krismasi chokaa huisha kabla sijaufikia.
Akabana ncha ya kamba chini kwa kidole gumba cha mguu,
akapanda kwa mkono, fundo kwa fundo,
midomo ikitembea.
Jikoni, mwiko ukanyamaza.

"Kumi na tisa. Baba, hii ni nini?"

Mto Nyamwamba hupita nyuma ya nyumba hii
ukinong'ona kama jirani anayekudai.
Usiku ule haukunong'ona.
Ulisukuma mawe makubwa kama ng'ombe,
nasi tulikuwa juu ya paa, yeye ndani ya kitenge,
wa wiki tatu, jina la kanisani bado.
Nilitaka kusema: ni uchafu tu, mama.
Lakini somo ni kupima,
na anayepima hadanganywi.
"Ni maji," nikasema. "Yalifika hapo."

Hakulia. Hakuuliza yalikwenda wapi.
Aligeuka, akabandika mgongo ukutani,
visigino pamoja, macho mbele kama wa gwaride,
akaninyooshea kamba.
Vidole hivi, vinavyonyoosha spoki gizani,
vililitafuta fundo la kwanza muda mrefu.

Kumi na tisa.
Na juu ya kumi na tisa,
baina ya mstari na utosi wake,
unene wa kidole kimoja.
Nikakiweka pale, kidole changu chenye grisi,
nikakiacha.

"Baba, unanichafua nywele."

Akainama kwenye taa ya sola,
akaandika kwa herufi zinazopanda mlima:
Maji, 19.
Mimi, 19 na kidogo.
Nikamwambia hivyo ni vitu sita, mwalimu ametaka vitano.
Akafikiri, akafuta kandambili.

Mama yake akaleta beseni,
ugali wa muhogo unapoa,
tukanawa mikono sote katika maji yale yale.